Masega ya ekzosi: anayepima ndiye anayenunua

Pikapu yangu ya petroli, ya mwaka 1999, ilikata pumzi Kitonga. Nilikuwa natoka Dar es Salaam kwenda Iringa na mzigo usiofika hata nusu tani, na pale barabara inapoanza kujikunja ubavuni mwa mlima gari likawa linanguruma bila kwenda. Nakanyaga mafuta, sauti inapanda, mwendo unashuka. Nikarudi gia ya kwanza. Kwa mara ya kwanza maishani nikapigiwa honi na lori la mizigo nikiwa napanda Kitonga.

Niliporudi Dar nikalipeleka gereji. Fundi hakufungua boneti. Aliniambia nisilizime, akazunguka nyuma, akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba la moshi, kisha akatikisa kichwa kama mganga aliyeshika mshipa wa mgonjwa. "Bosi, masega yameziba haya. Gari haipumui. Tuyatoe, itakuwa nyepesi mpaka ushangae." Nikamuuliza itanigharimu kiasi gani. Akacheka. Hakutaka hela yangu. Yeye ndiye alikuwa anipe. Grainda ikawashwa, kopo la masega, lile la kusafishia moshi chini ya gari, likakatwa, kipande cha bomba kikachomelewa mahali pake, na saa moja baadaye nikaondoka na laki na nusu mfukoni. Nimemiliki magari mabovu kwa miaka ishirini na kitu, na hiyo ndiyo mara pekee nimetoka gereji na hela nyingi kuliko nilizoingia nazo.

Gari lilikuwa jepesi kweli, sikatai. Kwa wiki tatu hivi nilimsifia fundi yule kwa kila aliyetaka kusikia. Kisha nikaanza kuona kwamba tangi lililokuwa linanifikisha Ijumaa linakata Jumatano. Taa ya cheki injini ikawaka na kugoma kuzima. Nikisimama kwenye foleni ya Tazara vioo vikiwa wazi, macho yanawasha kama niko karibu na mtu anayekata vitunguu.

Fundi wa pili alikuwa mzee asiyependa maneno mengi. Alivaa glavu nene, injini ikiwa inaunguruma, akachomoa waya za plagi mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza, injini ikayumba. Wa pili, ikayumba. Wa tatu, mlio haukubadilika hata kidogo. Silinda ya tatu ilikuwa imelala, na huenda ililala miezi mingi kabla ya safari ya Iringa. Waya wake ulikuwa umepasuka na cheche ilikuwa inakimbilia kwenye bodi badala ya kufika kwenye plagi. Mzee akafuta mikono na kuniambia: "Masega yako yalikuwa yameziba, ndiyo. Ila aliyeyaziba bado yumo humu ndani."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza mafundi, madereva na wauza vipuri juu ya kopo hilo, kuanzia Gerezani ya Dar hadi Mbeya. Nimefika mahali ambapo hoja yangu ni moja. Utoaji wa masega umeacha kuwa tiba ya gari. Umegeuka biashara ya madini, na katika biashara hii anayetoa hukumu ya ugonjwa ndiye huyo huyo anayenunua kiungo. Hakuna hospitali ambayo tungekubali daktari apime figo, aseme mbovu, aitoe, kisha atoe pochi na kukulipa. Tungekimbia. Gereji tunakubali, tena tunashukuru.

Kwanza kitu chenyewe. Jina letu la mtaani ni zuri kuliko la kitaalamu, katalisti. Ukikata kopo lile lililo kati ya manifoldi na sailensa, ndani unakuta kipande cha seramiki chenye maelfu ya vitundu vidogo vilivyopangwa sawasawa, kama sega la nyuki lililokaushwa. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa tabaka jembamba lenye platinamu, paladiamu na rodiamu. Kwa uzito ni gramu chache tu za madini katika kopo zima, lakini zimetandazwa kwa ustadi kiasi kwamba moshi wote unaopita unagusana nazo. Kaboni monoksaidi inageuka kaboni dioksaidi. Petroli ambayo haikuungua inamalizikia kuungua humo. Oksaidi za naitrojeni zinavunjwa kurudi kuwa naitrojeni ya kawaida, ile ile tunayoivuta kila dakika bila madhara. Masega yenye afya, yakishapata moto, hupunguza zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo tatu.

"Yakishapata moto" ni maneno ya kuzingatia. Chini ya nyuzi joto 250 hivi masega hayafanyi kitu. Na ili yafanye kazi zote tatu kwa pamoja, injini lazima ichanganye hewa na petroli kwa kipimo kinachokaribia sana kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Ndiyo maana kuna sensa ya oksijeni mbele ya masega inayoiambia kompyuta ya gari, mara kadhaa kwa sekunde, mchanganyiko ukoje. Masega hayakuwekwa kama kichujio cha peke yake kilichofungwa chini ya gari. Yako mwishoni mwa mazungumzo yanayoanzia kwenye plagi, sindano za mafuta na sensa, na mazungumzo yakiharibika huko mbele, masega ndiyo yanayolipa.

Yanavyolipa ni hivi. Silinda moja ikikosa cheche, petroli yake mbichi inasukumwa kwenye ekzosi. Inafika kwenye masega yenye moto mkali na kuungulia humo. Joto linapita nyuzi 1,000. Likikaribia 1,400 seramiki yenyewe inaanza kulainika na kuyeyuka, vitundu vinafungana, na gari linakuwa kama mtu anayekimbia huku ameziba pua. Au ringi za pistoni zimechoka na injini inakula oili: fosforasi na zinki zilizomo kwenye oili zinapaka kuta za masega kama masizi kwenye sufuria, mpaka madini hayaoni moshi tena. Au gasketi ya silinda hedi inavuja na maji ya rejeta yanaingia kwenye ekzosi. Au umepanda tuta bila kupunguza mwendo, kopo likagonga chini, sega likapasuka vipande vinavyocheza humo ndani kwa mlio wa njugu kwenye kibuyu. Au umeuziwa mafuta yaliyochanganywa na ya taa. Wakubwa wanakumbuka neno "kuchakachua" lilivyotapakaa nchini miaka ile ya 2010 na 2011, hadi serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili bei yake isimshawishi mtu kuyamimina kwenye dizeli na petroli. Uchaguzi wa 2010 ndio ulilichukua neno hilo na kulipeleka kwenye siasa.

Orodha hiyo yote ina kitu kimoja: karibu kila kifo cha masega kina muuaji aliye mbele yake. Ukitoa masega bila kumtafuta muuaji, umezika maiti na kumwacha mwenye panga sebuleni.

Sasa, niwe mkweli kwa mafundi wetu, maana sipendi makala zinazomfanya fundi wa mtaani kuwa mjinga. Desturi hii haikuanza kwa ujinga. Eugene Houdry, mhandisi Mfaransa aliyefanya kazi Marekani, alikuwa na hati miliki ya kifaa cha aina hii tangu miaka ya 1950, na kikakwama kwa sababu petroli ya wakati ule ilitiwa risasi, ile metali nzito yenye sumu, na risasi huua madini ya masega. Hadi Marekani ilipobana sheria ya hewa safi ya 1970 na magari ya mwaka wa modeli 1975 yakaanza kutoka na katalisti, ilibidi petroli isiyo na risasi iwepo kwanza kwenye vituo. Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume: magari yenye masega yalianza kushuka bandarini kabla ya petroli safi. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli ya risasi mwishoni mwa 2005, baada ya makubaliano ya Dakar ya 2001. (Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, 2021, na tangazo la kuhitimisha safari hiyo lilitolewa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Nairobi.)

Kwa hiyo fundi wa mwaka 1995 aliyepokea gari kutoka Japani lenye masega, halafu likanyweshwa petroli ya risasi, alikuwa anapokea maiti inayotembea. Alipoyatoa alikuwa sahihi. Alimfundisha kijana wake, kijana akamfundisha wake, na funzo likabaki baada ya sababu kuondoka. Vivyo hivyo ukienda Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, au Kisekka kule Kampala, utasikia sentensi ile ile kwa lahaja tofauti: masega ni ya Ulaya, huku yanaziba tu.

Kilichobadilika ni bei. Fundi wa 1995 alilitupa kopo nyuma ya gereji. Machi 2021 rodiamu ilipita dola 25,000 kwa aunsi moja, zaidi ya mara kumi ya bei ya dhahabu. Mwaka uliofuata, vita vya Ukraine vilipoanza, paladiamu nayo ikapita dola 3,000, kwa sababu Urusi ni miongoni mwa wachimbaji wakubwa kabisa wa madini hayo. Huko Marekani wezi wakaanza kulala chini ya magari na misumeno: shirika linalofuatilia uhalifu wa bima lilihesabu matukio 1,298 ya wizi wa katalisti mwaka 2018, na 52,206 mwaka 2021. Bei zilishuka sana baadaye, lakini watu wenye mizani ndogo na daftari walishazijua njia za gereji zetu, na hawakuzisahau.

Ndiyo maana nasema tuangalie nani anapata nini. Fundi akikuambia plagi zako zimekufa, anapata ufundi wake, hela ndogo, na kesho unaweza kurudi kulalamika. Akikuambia masega yameziba, anapata kopo atakaloliuza kwa mnunuzi kwa bei ambayo wewe huijui, anakukatia kipande, na unaondoka ukimwombea dua. Simlaumu mtu anayelisha familia kwa kuifuata njia yenye hela. Nalaumu mpangilio unaoifanya hukumu moja ilipe kuliko nyingine zote, halafu tunashangaa kila gari linalokohoa linaonekana lina ugonjwa mmoja.

Na madini hayo, tukiyafuatilia safari yake, ni kichekesho kinachouma. Afrika Kusini ndiyo mchimbaji mkubwa wa platinamu na rodiamu duniani, huko Rustenburg na mikoa ya jirani. Zimbabwe nayo inachimba. Yanachimbwa Afrika, yanasafishwa, yanapelekwa Japani au Ulaya, yanapakwa kwenye masega, yanaendeshwa Yokohama miaka kumi, yanarudi Afrika chini ya gari lililotumika, yanakatwa Gerezani, yanaingia kwenye gunia na kusafiri tena nje kuyeyushwa. Yamepita pwani zetu mara mbili. Kitu pekee yalichokuja kufanya huku, kusafisha moshi, ndicho tulichoyakatisha.

Kuna wakati hayafiki kabisa. Uchunguzi wa wakaguzi wa Uholanzi uliotolewa Oktoba 2020 juu ya magari chakavu yanayopakiwa kwenda Afrika ulikuta baadhi yameshanyofolewa katalisti kabla ya kupanda meli. Mwezi huo huo Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, na asilimia 40 yake yakaja Afrika. Anayenunua gari kwa picha za mtandaoni huangalia rangi, kilomita na viti. Ni nani anayeomba picha ya chini ya gari?

Nirudi kwenye ahadi za gereji, maana ndizo zinazotushika. "Itakuwa nyepesi." Kama masega yameyeyuka, ndiyo, lolote utakalofanya kuondoa kizibo litaleta wepesi. Kama ni mazima, wepesi unaoupata ni mdogo kiasi kwamba unausikia zaidi kwenye sauti kuliko kwenye mwendo. Sauti inadanganya sana. Bomba likiwa tupu injini inavuma kwa kifua, na dereva anaamini amepata nguvu. "Itapunguza mafuta." Hapa ndipo pikapu yangu ilipoumbuka, na maelezo yake ni ya kifundi kidogo lakini yanafaa. Aliyechomelea kipande changu aliacha tundu dogo kwenye kiungo, karibu mno na sensa ya mbele. Kila moshi unapopita kwa mapigo, kuna sekunde ambayo hewa ya nje inavutwa kuingia. Sensa inaona oksijeni nyingi, inaiambia kompyuta kwamba mchanganyiko ni mkavu, yaani petroli ni chache, na kompyuta kwa utiifu wake wote inaongeza petroli. Injini haikuwa na njaa. Ililishwa kwa nguvu, kwa sababu ya tundu la ukubwa wa punje ya mchele.

Taa ya cheki injini nayo ina dawa yake ya mtaani: kipande cha chuma kinachofungwa chini ya sensa ya nyuma ili ikae mbali na moshi na kudanganyika kwamba masega bado yapo. Taa inazima, mteja anatabasamu. Siku nyingine taa hiyo ingekuwa imekuonya kuhusu kitu tofauti kabisa, lakini imeshafundishwa kunyamaza, au wewe umeshafundishwa kuipuuza.

Halafu harufu ya yai viza. Watu wengi wanaipeleka gari gereji kwa harufu hiyo na kuambiwa masega yameoza. Masega hayaozi. Ile ni salfa iliyomo kwenye mafuta, ambayo hugeuzwa gesi yenye uvundo pale injini inapochoma petroli nyingi kupita kiasi. Yai viza linakuambia ukatazame sindano, sensa na chujio la hewa.

Upande wa malori makubwa kuna mkanganyiko wa aina yake. Mwaka jana nilimkuta mwenye Fuso la zamani la dizeli akibishana na fundi kwamba lazima yatafutwe masega yatolewe, kwa sababu lori la jirani yake lilitolewa na likawa jepesi. Fundi alilala chini mara mbili kumtafutia. Hayakuwepo. Lori lile lilitoka kiwandani bila masega, kama malori mengi ya dizeli ya zama zile, na yale masega ya kazi tatu niliyoyaeleza hayawezi kuifanya kazi yote kwenye dizeli, kwa kuwa dizeli huvuta hewa nyingi kuliko inayohitaji na moshi wake umejaa oksijeni. Kilichomlemea yule bwana kilikuwa chujio la hewa jeusi kama sufuria ya ubwabwa wa msibani. Kwa malori mapya kidogo yanayotoka Ulaya, yale ya tela yanayokwenda Tunduma na Rusumo, habari ni tofauti: yana mfumo wa kupulizia maji ya urea, yaitwayo AdBlue, ili kuua oksaidi za naitrojeni. Maji hayo yakiisha kompyuta inaibana injini nguvu, na mwenye lori aliyekwama njiani na shehena ya Kongo hana muda wa mahubiri yangu. Anamtafuta kijana mwenye kompyuta ya mkononi, mfumo unafutwa, safari inaendelea. Wakati huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishashusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni tangu Januari 2015. Tuligharamia mafuta safi zaidi, kisha tukang'oa mitambo ambayo mafuta hayo yalikuja kuihudumia.

Nani anavuta? Moshi wa dizeli tunauona, tunautukana, trafiki anaweza kuusimamisha. Moshi wa petroli usio na masega hauna rangi. Gari linapita safi kabisa, limeoshwa, na nyuma yake kaboni monoksaidi inamfikia mama lishe aliyeweka meza kituoni, bodaboda aliyesimama hapo saa kumi na mbili kwa siku, na mtoto wa shule ambaye pua yake iko kimo cha bomba. Mwenye gari amefunga vioo na kuwasha kiyoyozi. Oksaidi za naitrojeni na petroli mbichi zikikutana na jua la Dar es Salaam zinatengeneza ozoni ya chini, ile inayokwaruza koo. Jua tunalo la kutosha.

Yuko na mvutaji mwingine ambaye hasemwi. Ukipita nyuma ya gereji utamkuta kijana amelikalia kopo, anaigongagonga seramiki kwa nondo ili imwagike kwenye ndoo. Vumbi jeupe linapanda, yeye hana hata kitambaa puani. Vumbi hilo lina seramiki ya kusagika, chembe za madini, na kwa makopo mengi nyuzi za lile blanketi linaloshikilia sega lisicheze. Mapafu hayavitoi vitu hivyo kirahisi. Anaambiwa atafute uzito, maana mnunuzi anapima kwa kilo.

Sheria? Zipo. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za ubora wa hewa za 2007 zinazogusa moshi wa magari. Kenya inakataa magari ya kuagizwa yaliyozidi miaka minane. Sisi tunayatoza ushuru wa uchakavu na kuyaruhusu. Tatizo ni kwamba baada ya gari kupita geti la bandari hakuna anayelisogelea nyuma na kipimo. Askari anaangalia matairi, taa, bima na uso wa dereva. Rwanda ilianza mwaka 2025 kupima moshi kwa lazima, na naitazama kwa hamu.

Lakini siungi mkono wazo la kuanza kwa kumkamata mwenye pikapu ya mwaka 1999. Masega mapya ya asili yanaweza kupita dola elfu moja. Kuna pikapu barabarani ambazo zenyewe haziuziki kwa bei inayoizidi hiyo sana. Ukimwambia mtu wa namna hiyo anunue au aegeshe, ataegesha kwa mjomba wake polisi na maisha yataendelea. Mimi ningeanza na mnunuzi mwenye mizani. Chuma chakavu hapa nchini kina utaratibu wa vibali. Kopo la masega liingizwe humo bila kificho: anayenunua aandike namba ya gari lililotoka, jina la gereji na sababu ya kutolewa, na anayesafirisha nje aonyeshe daftari hilo. Siku fundi atakapojua kwamba kopo linahitaji maandishi, atakumbuka kwamba plagi nazo huwa zinakufa.

Na wenye magari tujifunze kulipia upimaji. Tunalipa kwa moyo mweupe kifaa kikibadilishwa, lakini fundi akitumia saa nzima kutafuta tatizo bila kubadilisha kitu tunaona katuibia. Kupima kama masega yameziba si uganga. Sensa ya mbele inafunguliwa, geji ya presha inafungwa kwenye tundu lake, injini inawashwa. Ikiwa taratibu, presha ikizidi kama pauni moja na nusu kwa inchi ya mraba, una mashaka. Ikizidi tatu injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, una kizibo. Geji hiyo haina bei ya kutisha. Yule mzee wa silinda ya tatu anayo, kaifunga kwenye soksi, na aliniomba elfu kumi na tano kwa kuitumia. Nilimpa ishirini.

Alinibadilishia waya zote nne na plagi, akaziba tundu la kiungo, na mafuta yakarudi kwenye matumizi ya zamani. Macho bado yanawasha. Nikamwambia nataka kuyarudisha masega, ya mkono wa pili kama yapo, akanitazama kama mtu aliyesema anataka kurudi shule ya msingi. Akanielekeza kwenye duka moja. Muuzaji alikuwa nalo: kopo la pikapu kama yangu, limepigwa brashi linang'aa, kibandiko cha Kijapani bado kipo, laki nne na nusu mwisho wa maelewano. Nikaliinua, likaniinukia kirahisi mno. Nikatoa simu, nikawasha tochi, nikachungulia upande mmoja.

Upande wa pili nikamwona muuzaji, jicho kwa jicho, anatabasamu.